Asiye na Paa ni Ndugu Yetu
(Hotuba iliyotolewa Mloka, Rufiji)

Wazee wetu, akina mama na vijana wa Mloka,

Tumekuja kusema nanyi juu ya jambo moja: wenzetu wasio na paa la kulala.

Kijiji hiki kimepakana na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyotangazwa mwaka 2019, yenye zaidi ya kilomita za mraba 30,000. Tembo na viboko wamepewa mahali pao, na mipaka yao imechorwa katika ramani. Hatuwaonei wivu. Lakini twauliza: mtu aliyebomolewa nyumba na maji, mahali pake pamechorwa wapi?

Aprili 2024 Mto Rufiji ulifurika. Katika wilaya za Rufiji na Kibiti nyumba zilizama, mashamba yakaenda na maji, na watu wa Muhoro na kwingineko wakayahama makazi yao. Wengine walilaumu mvua, wengine wakalitaja Bwawa la Julius Nyerere. Leo hatukuja kuamua kesi hiyo. Mtoto anayelala chini hapati joto kwa kumjua mkosaji.

Wako wasemao: "Hao ni wakaidi. Waliambiwa wahame bondeni, wakarudi." Ndugu zetu, tusiwatukane wenzetu kabla ya kuwauliza. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968, Serikali iliwahamisha watu wa bonde ikawapeleka vijiji vya juu. Huko palikuwa na usalama, lakini ardhi yenye rutuba ilibaki bondeni. Ndipo watu wakarudi kulima mlau na kulala katika madungu yao. Hawakufuata ukaidi, walifuata chakula.

Basi turubai na blanketi ni msaada wa siku chache. Sisi twadai mambo matatu. Kwanza, kila aliyepoteza nyumba apewe kiwanja mahali pa juu, kwa maandishi. Pili, haki yake ya shamba la bondeni isipotee kwa sababu amehama. Tatu, maji yakiwa njiani, habari imfikie mapema, kabla hayajafika mlangoni.

Na sisi wenyewe tusikae tukingoja Serikali peke yake. Miti, makuti na udongo tunavyo. Mikono ni yetu.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi twaongeza: mpe na mahali pa kulimia.