Tamasha la Lamu ni Habari ya Uchumi

Msikilizaji, habari za Tamasha la Utamaduni la Lamu kwa kawaida husomwa mwishoni, karibu na michezo: mashindano ya majahazi, mbio za punda, basi. Mimi naziona kuwa habari za uchumi. Vichochoro vya Mji Mkongwe wa Lamu, ulioingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, havipitishi gari. Mzigo hubebwa na punda, mkokoteni au kichwa cha mtu. Kwa hiyo mgeni akishuka gatini, fedha zake huanza kupita mikononi mwa nahodha, mchukuzi na mama wa mahamri kabla hazijafika hotelini.

Sasa tugeukie upande wa pili. Wapo wasemao faida ni ya siku chache tu, huku bei zikipanda na visima vya Shela, vinavyounywesha mji, vikielemewa. Hoja ya maji ina uzito, sikatai. Lakini Maulidi ya Msikiti wa Riyadha, hapo hapo Lamu, nayo huleta umati kila mwaka, na mji huupokea. Kinachokosekana ni mpango wa mapema: nani atapewa nafasi ya kuuzia, na kwa ada gani? Na je, kamati ya tamasha inapoketi kuamua hayo, mama wa mahamri naye huitwa?