Mtoto wa Kakuma na Uwanja Wetu

(Hotuba ya Kamati ya Wakazi, Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni)

Wazee wetu, mama zetu, vijana, na ndugu wa mashirika mnaofanya kazi pamoja nasi,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tena tukiwa wazima. Tunawakumbuka wale tuliowapoteza, tangu mashambulizi ya Mocímboa da Praia ya Oktoba 2017 hadi yale ya Palma ya Machi 2021. Mungu awarehemu.

Kamati imeombwa izungumze juu ya vijana na michezo. Tumeona tuwape habari za mtu mmoja, Aliir Aliir. Alizaliwa Septemba 1994 katika kambi ya Kakuma, kaskazini ya Kenya, kambi iliyofunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya watu waliokimbia vita vya Sudan. Wazazi wake walikuwa miongoni mwa wakimbizi hao. Akiwa bado mtoto, familia yake ilipata nafasi ya kuhamia Australia, wakakaa katika mji wa Brisbane.

Huko alikuta mchezo ambao sisi hatuujui. Mpira wake ni mrefu kama papai. Kila timu ina watu 18 uwanjani. Mchezaji anaupiga teke, au anaupiga kwa ngumi kumpa mwenzake. Kuutupa kwa mkono ni kosa. Golini kuna milingoti 4. Teke likipita kati ya ile 2 ya ndani ni pointi 6, likipita pembeni ni pointi 1. Wenzake wengi walikuwa wameucheza tangu utotoni. Yeye ilimbidi aanze kujifunza.

Alicheza klabu ya Aspley hapo Brisbane, kisha akahamia upande wa pili wa nchi kuchezea East Fremantle. Mwaka 2013, katika uteuzi wa vijana ambao ligi kuu hufanya kila mwaka, Sydney Swans walimchukua. Alikuwa wa 44 kuitwa. Misimu 2 mizima, 2014 na 2015, hakucheza hata mechi moja ya ligi kuu. Alifanya mazoezi na kucheza timu ya akiba. Mwaka 2016 ndipo alipoitwa, akawekwa nyuma kama beki, na timu yake ikafika fainali. Lakini aliumia goti katika nusu fainali, na siku ya fainali alikuwa nje. Wenzake walishindwa na Western Bulldogs. Hakuacha mpira. Mwaka 2021, akiwa amehamia Port Adelaide, alichaguliwa katika kikosi bora cha ligi nzima.

Vijana, hatuwaambii haya ili mkae mkingojea ndege. Hatupendi kuwadanganya. Katika wakimbizi 100 duniani, hata mmoja kwa mwaka hapati nafasi ya kuhamishiwa nchi ya tatu. Sisi wenyewe hatukuvuka mpaka. Tumekimbia ndani ya nchi yetu, na mlango ule haukuwekwa kwa ajili yetu. Wengi wenu mtabaki wavuvi, wakulima, mafundi, walimu. Tunalotaka mlichukue ni ile misimu 2. Mtu alikuwa tayari amechaguliwa, hapangwi, na kila asubuhi anarudi mazoezini.

Sasa tuna neno kwa wazazi. Tunajua hofu yenu, kwa kuwa ni hofu yetu pia. Tumeona vijana wakichukuliwa kwa nguvu, na tumeona wengine wakirubuniwa kwa ahadi ya fedha. Kwa hiyo baadhi yenu mnawafungia watoto ndani, mnasema mpira ni uzururaji. Lakini tujiulize: kijana aliye uwanjani saa kumi jioni anaonwa na nani? Anaonwa na kambi nzima. Asipofika, wenzake wanauliza yuko wapi. Aliyekaa peke yake nyuma ya nyumba, akizungumza na mgeni, haulizwi na mtu.

Na tuna neno kwa ndugu wa mashirika, kwa heshima. Msaada wenu tunaujua, na wanaokula chakula chenu ni watoto wetu. Lakini kile kipande cha ardhi nyuma ya visima kimeshapimwa mara mbili kwa ajili ya kujengwa ghala, na mara zote mbili tuliona vigingi kabla hatujaambiwa neno. Kwenye karatasi pale ni mahali patupu. Kwetu ndipo vijana wa Mocímboa, wa Palma na wa vijiji vya bara, Wamwani na Wamakonde, wanapojuana kwa majina. Ghala tunalihitaji, na tuko tayari kutembea nanyi kesho asubuhi kuwaonyesha mahali pengine. Uwanja tunaomba ubaki. Na wasichana nao wapewe siku zao za kucheza. Hilo Kamati imekwisha kulikubali.

Hatujui ni nani kati ya hawa watoto atakayejulikana. Kakuma nao hawakujua mwaka 1994.

Mechi itaanza baada ya sala ya alasiri. Wazazi, njoni mtazame.