Mashine ya Kura na Jicho la Raia



Mwezi wa Machi mwaka 2006, wakazi wa Amsterdam walipokwenda kuwachagua madiwani wao, waliona kwamba ile kalamu nyekundu ya risasi, ambayo kwa miaka mingi Waholanzi waliitumia kutia rangi kiduara kilicho kando ya jina la mtu wanayemtaka, imeondolewa, na mahali pake pamewekwa kompyuta. Aghalabu ya watu walibonyeza wakaenda zao. Rop Gonggrijp, mzaliwa wa mji uo huo, hakuridhika. Na jambo linalonifanya nimchague yeye awe maudhui ya mhadhara huu ni kwamba hakuwa mtu wa kuviogopa vyombo vipya. Alikuwa mdukuzi mashuhuri, mwanzilishi wa jarida la wadukuzi lililoitwa Hack-Tic, na mmoja wa waasisi wa XS4ALL, kampuni iliyoanza mwaka 1993 kuwapatia raia wa kawaida huduma ya intaneti wakati ambapo wengi walikuwa hawajapata kuisikia. Aliijua kompyuta ndani na nje, na kwa sababu ya ujuzi huohuo hakutaka ikabidhiwe amana ya kuhesabu kura.

Yeye na wenzake waliunda jumuiya ambayo jina lake, likifasiriwa, ni “Hatuziamini Kompyuta za Kura”. Wakati huo takriban kura tisa katika kila kumi za Uholanzi zilipitia katika mashine za kampuni ya Nedap, na serikali ilizitolea itibari kamili. Jumuiya ilijipatia mashine hizo, ikazifungua, na tarehe 4 Oktoba 2006 taifa zima likaonyeshwa katika televisheni kwamba mtu akiachwa peke yake na mashine kwa dakika chache tu aweza kubadilisha chipu zake, na tangu hapo ikawa inahamisha kura za chama hiki kukipa kile, bila ya alama yoyote ya nje kumtahadharisha msimamizi wa kituo. Ufunguo wake ulikuwa wa namna moja nchi nzima. Na kwa kuwa mmoja wa wahusika wa programu za mashine hizo alikuwa amesema kwa kebehi kwamba angependa kuiona ikicheza sataranji, wadukuzi wakaifundisha sataranji, nayo ikacheza. Mzaha huo, kwa rai yangu, una uzito kuliko vitabu vingi vya falsafa ya ufundi, kwani mashine iwezayo kucheza sataranji ni kompyuta kama kompyuta nyingine, nayo itamtii yeyote aliyeingiza programu yake mwisho.

Hata siri ya kura haikusalimika. Chama cha Kidemokrasia cha Kikristo, katika jina lake la Kiholanzi, kina herufi moja yenye alama juu yake, katika neno Appèl. Na kioo cha mashine kilipoionyesha herufi hiyo, mawimbi yaliyotoka humo yalibadilika, hata mtu aliyesimama mbali kidogo na chombo cha redio akaweza kutambua kwamba mpiga kura amekichagua chama hicho. Mashine za Amsterdam zilikuwa za kampuni nyingine, nazo zikapigwa marufuku mwishoni mwa Oktoba kwa aibu iyo hiyo ya mawimbi. Uchaguzi wa bunge wa Novemba ukawakuta watu wa mji ule wameirudia kalamu yao nyekundu. Mwaka 2008 serikali iliziacha mashine katika nchi nzima.

Sasa tuitazame hoja yenyewe, maana wengi huielewa kinyume. Gonggrijp hakudai kwamba kura za Uholanzi ziliibwa, wala hapana aliyeleta ithibati ya wizi. Alidai kwamba lau zingaliibwa, raia asingalikuwa na njia ya kujua. Na uchaguzi ambao aliyeshindwa hawezi kuukagua humlazimisha kuamini tu, hali imani si kazi ya uchaguzi. Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ilifika hapohapo tarehe 3 Machi 2009, ilipohukumu kwamba hatua za msingi za kupiga na kuhesabu kura sharti ziweze kukaguliwa na raia asiye na elimu maalumu. Ireland, iliyotumia zaidi ya yuro milioni 50 kwa mashine za aina hiyo, iliishia kuziuza kama vyuma chakavu.

Mtu atanena: karatasi nayo huibwa, na sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kuhadithiwa. Kweli. Lakini kujaza masanduku huhitaji mikono mingi, usiku, na magari, na kila mkono ni shahidi anayeweza kusema; hali aliyeighushi programu kabla mashine hazijagawanywa amevighushi vituo vyote kwa pigo moja, naye yuko nyumbani amelala. Nakiri kwamba Estonia hupiga kura kwa intaneti tangu mwaka 2005 na watu wake wengi wameridhika. Bali kuridhika si kukagua.

Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Kenya ilibatilisha uchaguzi wa rais, na katika mambo yaliyoiudhi ni kwamba tume ya uchaguzi haikufungua seva zake kama ilivyoamriwa. Mwaka 2022 tume ileile ilitumia mashine kwa kazi nyingine: matokeo yaliandikwa kwa mkono katika Fomu 34A mbele ya mawakala, yakapigwa picha, na picha za vituo zaidi ya 46,000 zikawekwa wazi kwa umma. Mashine ikawa mchukuzi, si mhesabu. Makamishna wanne kati ya saba waliyakana matokeo, kesi ikafika mahakamani ikatupwa, na nyoyo nyingi hazikutulia. Illa safari hii kila mwenye shaka, awe mwalimu wa Kisumu au mvuvi wa Lamu, aliweza kuifungua fomu ya kituo chake na kujumlisha mwenyewe.