Ndui ya Boston, 1721

Leo twende Boston, Marekani, mwaka 1721, enzi ya ukoloni wa Mwingereza. Mwezi wa Aprili meli ilitia nanga ikitokea visiwa vya Karibi, na ndui ikashuka nayo. Mji ulikuwa na watu wapatao 11,000. Zaidi ya nusu waliugua, na zaidi ya 800 wakazikwa.

Kinga ilikuwa inajulikana mjini humo, ila na watu ambao hakuna aliyezoea kuwasikiliza. Mmoja wao, Onesimus, Mwafrika, mtumwa wa mchungaji Cotton Mather, alikuwa ameshamweleza bwana wake miaka kadhaa nyuma kwamba kwao watu huchanjwa: ngozi hukatwa kidogo, usaha wa mgonjwa wa ndui ukatiwa jerahani, mtu akaugua kidogo, akapona, na ndui isimrudie tena. Akamwonyesha na kovu mkononi.

Ndui ilipozuka, Mather akawaandikia matabibu kuhusu njia hiyo. Aliyeitikia ni Zabdiel Boylston peke yake. Tarehe 26 Juni alimchanja mwanawe wa miaka 6, pamoja na watumwa wawili, ambao sidhani kama kuna aliyewauliza.

Mji ukachafuka. Na kinara wa upinzani hakuwa mbumbumbu. William Douglass ndiye pekee mjini aliyekuwa na shahada ya udaktari, na hoja yake ilikuwa na uzito: aliyechanjwa aweza kuwaambukiza wengine, na ushahidi uko wapi? Gazeti la James Franklin likashika upande huohuo. Novemba, mtu akatupa bomu dirishani kwa Mather. Bahati nzuri utambi ulichomoka.

Boylston alijibu kwa daftari. Aliandika mgonjwa mmoja mmoja: umri, siku ya kuchanjwa, homa ilipoanza, vipele vilipotoka. Kitabu chake kikachapishwa London mwaka 1726. Katika watu 240 hivi aliowachanja, 6 walifariki, naye hakumficha hata mmoja. Kwa walioupata ugonjwa wenyewe, alikufa mmoja katika kila saba.

Kwangu mimi, hao sita ndio waliokipa kitabu nguvu. Siku hizi ikija chanjo mpya tunaambiwa tu, “Ni salama, msiogope,” na mama anayeuliza wangapi wamedhurika huonekana mkorofi. Anauliza alichouliza Douglass. Naye Douglass, miaka ilipopita, aliikubali chanjo ile.