Kukarabati Bafu na Choo bila Kuumiza Mazingira: Maji Yaliyotumika Yaende Wapi?

Mada kwa semina ya mafundi ujenzi, wenyeviti wa vitongoji na kamati za afya, Kata ya Kwashemshi, Wilaya ya Korogwe

1. Utangulizi

Nimeombwa nieleze namna ya kupanga ukarabati wa bafu na choo cha nyumbani bila kuharibu mazingira. Mada ya aina hii huanza na maana ya mazingira, maana ya usafi na historia ya kampeni, tangu Mtu ni Afya ya 1973 hadi Nyumba ni Choo ya juzi. Wengi mliomo humu mlishiriki kampeni hizo, na baadhi mlizisimamia, kwa hiyo sitawachosha. Inatosha kusema kwamba ukarabati mzuri hupunguza maji, kuni na saruji, hutumia tena kilichopo, na haupeleki uchafu kwa jirani.

2. Vifaa

Tofali la kuchoma linakula miti. Tofali la kufungamana, la udongo uliochanganywa na saruji kidogo, hushindiliwa kwa mashine bila tanuri, na Wakala wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi (NHBRA) ulilitangaza kwa miaka mingi. Mlango mzima usitupwe. Matofali ya matundu juu ya ukuta hutoa unyevu na kuingiza mwanga bila kuwasha taa. Marumaru hazina haja ya kufika darini: sakafu na ukuta hadi usawa wa kifua vinatosha, kwingine pigeni niru. Hapa sidhani kama tuna ubishi.

3. Tatizo lenyewe

Ubishi wangu na mafundi, na wakati mwingine na wenye nyumba, ni kuhusu bomba linalotoka bafuni. Mtu anakusanya fedha, ananunua marumaru na sinki la kukaa, anabadilisha bati. Bafu linapendeza. Ukimuuliza maji ya kuoga yanakwenda wapi, anaonyesha shimo la choo lilelile la zamani, lisilojengewa ndani. Fundi amechimba mfereji mmoja, akaunganisha kila kitu humo, kwa sababu ni rahisi na mwenye nyumba hakuuliza.

Tupige hesabu. Familia ya watu sita, kila mmoja akioga ndoo moja ya lita 20 kwa siku, inamwaga lita 120. Shimo lenye kipenyo cha mita moja na kina cha mita tatu lina nafasi ya lita 2,400 hivi. Udongo ukiwa umeshiba maji, kama wakati wa masika, shimo hilo hujaa kwa siku ishirini kwa maji ya kuoga peke yake. Ongezeni sinki la kuvuta la zamani, linalotumia lita tisa kila mara: watu sita, mara tano kwa siku, ni lita 270. Hizo ni ndoo kumi na tatu na nusu, na pale ambapo bomba halijafika uani, zinabebwa kichwani na akina mama na watoto. Maji waliyoyatafuta kwa shida yanageuzwa maji taka kwa sekunde chache.

Shimo likijaa, kinachofuata mnakijua. Mvua kubwa ikinyesha, mtu anatoboa ukuta wa shimo usiku, anatapisha choo. Kinyesi kinafuata mtaro hadi kijito, na vijito vya wilaya yetu huishia mto Pangani. Gari la kunyonya si msaada kwa kila mtu, kwa maana shimo lisilojengewa, likinyonywa, kuta zake zaweza kuporomoka. Hata lisipotapishwa, maji mengi ndani ya shimo husukuma vijidudu pembeni kuelekea visimani, ilhali shimo kavu huvizuia karibu na pale vilipo.

Kuna jambo jingine linalonisumbua zaidi kwa sababu halizungumzwi kabisa. Mbu aina ya Culex huzaliana katika maji machafu yaliyotuama, yakiwemo ya mashimo ya vyoo. Katika mkoa wetu wa Tanga mbu huyo ni miongoni mwa wanaoeneza matende na mabusha. Kule Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti waliweka chembe za polistairini juu ya maji ya vyoo ili mbu wasizaliane. Kazi ilifanikiwa, lakini ilihitajika kwa sababu mashimo yalikuwa na maji. Shimo lisilo na maji halizalishi Culex. Kila bafu tunalounganisha na shimo la choo linamtengenezea mbu huyu makazi, tena kwa gharama ya mwenye nyumba.

Usimamizi wa ujenzi una mamlaka zake, nami sikuja kusema nani hakutimiza wajibu. Hata hivyo, lazima niseme kwamba nimeona michoro mingi ya nyumba yenye vipimo vya kila dirisha na isiyo na mstari hata mmoja unaoonyesha maji taka. Nimelisema hili katika vikao vingi. Huandikwa kwenye muhtasari, kisha kikao kinachofuata tunaanza upya.

4. Mapendekezo

Maji ya kuoga yatenganishwe na shimo la choo. Hili ndilo la kwanza, na likifanyika hili tu, semina hii haikupotea bure. Yapitishwe kwenye kishimo cha kokoto na mchanga, kisha yaende kwenye migomba. Yasimwagiliwe mboga zinazoliwa mbichi, na yasiachwe yatuame.

Anayejenga choo upya ajengee shimo kwa mawe au matofali ili liweze kunyonywa. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wengi ni mita 30 kutoka kisimani, na kitako cha shimo kiwe angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini. Kipimeni wakati wa masika, wala si kiangazi. Kwenye kingo za mito, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60.

Sinki la kuchuchumaa la kumwagia kwa kopo, linalotosheka na lita mbili au tatu, lipewe heshima yake. Anayetaka la kuvuta anunue la lita sita au pungufu, na asilinunue kabla ya kuwa na karo.

Mwenye bati jipya aweke mfereji na tanki. Paa la mita za mraba 40 likipata mvua ya milimita 20 hutoa hadi lita 800.

Mafundi waonyeshe maji taka kwenye makadirio kabla ya marumaru. Serikali za vijiji zisiridhie ujenzi ambao mchoro wake hauonyeshi shimo, karo na njia ya maji ya kuoga. Vyombo vya watumia maji, vinavyofanya kazi chini ya Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA), viulize swali hilohilo kabla ya kuunganisha bomba uani, kwa kuwa bomba likifika ndani, maji taka huongezeka siku hiyohiyo.

Kamati za afya zikague mashimo kabla ya masika na vuli, zikianza na yaliyo juu ya visima. Na narudia, maji ya kuoga yasiingie shimo la choo. Naomba azimio hili liandikwe pamoja na jina la kitongoji kitakachoanza, na tarehe ya ukaguzi.