Miguu ya Punda Milia na Breki ya Dereva: Mazungumzo kwa Wakazi wa Lanet



Ukiingia Mbuga ya Taifa ya Ziwa Nakuru kupitia lango la Lanet, utakuta simba, punda milia na swala pala ndani ya ua mmoja. Miguu yao imechongwa kwa mamilioni ya miaka. Aliyekamatwa mapema hakuacha watoto. Simba aliyekosa windo naye alilala njaa, na wanawe pia.

Mtazameni punda milia. Kila mguu unakanyagia kidole kimoja tu, na kwato ndiyo ukucha wake. Misuli mizito imebaki juu, pajani na nyongani. Chini kuna mifupa myembamba na kano zinazovutika na kurudi kama mpira. Mguu ulio mwepesi chini hurushwa upesi bila kuuchosha mwili.

Lakini mbio tupu hazimwokoi. Utafiti uliofanyika Botswana na kuchapishwa mwaka 2018 uliwavisha wanyama mikanda ya shingoni yenye vipimo. Misuli ya simba ilikuwa na nguvu kwa takriban asilimia 20 kuliko ya punda milia, na ya duma vivyo hivyo kuliko ya swala pala. Wakinyoosha mstari, mwindaji anashinda. Basi windo halimalizi kasi yake. Hukimbia kwa kiasi, na adui akikaribia kabisa hukata kona ghafla. Mwenye kasi kubwa hupitiliza.

Ujanja huo ni mzuri mbele ya simba. Mbele ya matatu ni balaa. Kwenye barabara kuu kati ya Naivasha na Gilgil, punda milia huvuka, na anayeonekana ametulia kando anaweza kugeuka dakika ya mwisho, pengine upande ule ule wa gari. Gari la kilomita 100 kwa saa hula karibu mita 28 kila sekunde, kabla hata mguu haujagusa breki. Kwa kilomita 50, ni mita 14. Punda milia mkubwa huzidi kilo 200. Mwendesha bodaboda na apige hesabu mwenyewe.

Na akishavuka mmoja, msikanyage mafuta. Mara nyingi wa kwanza ni jike. Nyuma yake kuna watoto, na dume huja mwisho.