Somo la Redio: Vifaranga vya Samaki



Leo tunajibu swali la mwanakisomo mmoja wa Kilindoni. Ameandika kwa mkono wake mwenyewe: "Huko bara, Serikali huzalisha samaki na kuwatia katika malambo. Mbona bahari yetu haitiwi?" Swali zuri. Kwanza tuitazame kazi yenyewe.

Twende Kingolwira, karibu na mji wa Morogoro. Hapo pana kituo cha Serikali cha kuzalisha vifaranga, yaani watoto wa samaki. Tuchukue mfano wa sato. Wazazi wazuri huchaguliwa, wakatiwa bwawani, dume mmoja kwa majike wawili au watatu. Jike hutaga, kisha huyabeba mayai kinywani mpaka yaanguliwe. Ziwani, watoto wengi huliwa na samaki wakubwa na ndege. Kituoni huhamishiwa mahali pao peke yao, wakapewa chakula kilichosagwa laini kama unga. Hiyo ndiyo siri ya kazi hii: mtoto hulindwa mpaka apate nguvu.

Siku ya safari, vifaranga hutiwa katika mifuko ya plastiki yenye maji na hewa. Husafirishwa asubuhi, kabla jua halijawa kali. Wakifika, mfuko huachwa kwanza uelee lamboni. Maji ya ndani na ya nje yakilingana joto, ndipo mfuko hufunguliwa. Ukiwamwaga ghafula, watakufa.

Lakini tukumbuke: samaki akishaenea katika maji ya watu wote, hakuna wa kumrudisha. Sangara alipandikizwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alileta biashara kubwa. Lakini aliwala furu, na aina nyingi za furu zimetoweka.

Sasa turudi nyumbani. Bahari yetu ina mahali pake pa kulelea vifaranga: katika mikoko na katika majani ya bahari. Tasi wadogo hukulia katika majani. Kamba wadogo hukulia katika mikoko, kama ile ya delta ya Rufiji, ng'ambo yetu. Tukikata mikoko, au tukikokota juya la macho madogo juu ya majani, tunawavua watoto kabla hawajazaa. Hata tukiletewa vifaranga kwa maelfu, watakulia wapi?

Basi, jibu kwa ndugu yetu ni hili: bahari hutiwa samaki kila mwaka, na bahari yenyewe. Kazi yetu ni kuwalinda watoto, kama wafanyavyo wenzetu wa Kingolwira. Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, ina sheria za uvuvi kwa ajili hiyo. Mwulizeni Bwana Samaki awaeleze.

Maswali ya kujadiliana darasani:
1. Kwa nini mfuko haufunguliwi mara moja?
2. Sangara alileta faida gani, na hasara gani?
3. Kijijini kwenu, vifaranga hukulia wapi? Nani anapalinda?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.